Kubuni kipimo cha jeni cha virusi vya chikungunya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wanafunzi wa sayansi ya maabara, maofisa afya, na wagonjwa waliopimwa wakarudi nyumbani na karatasi wasiyoielewa. Nimeyajibu kwa kutumia kirusi kimoja, chikungunya, kwa sababu hiki ni chetu kwa kuzaliwa, na kwa sababu karibu kila shida ya kubuni kipimo cha jeni cha virusi vinavyoenezwa na mbu inaonekana ndani yake.

Chikungunya ni chetu kwa namna gani?

Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa wa homa kali na maumivu ya viungo uliwakumba watu wa Newala, katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walitembea wamejikunja kwa maumivu, na jina chikungunya likatoka katika Kimakonde, likieleza hali hiyo ya kujikunja. Mwaka 1953 R. W. Ross alikitenga kirusi chenyewe kutoka kwenye seramu ya mgonjwa, na mwaka 1955 Marion Robinson na W. H. R. Lumsden wakauandika ugonjwa huo kitaalamu. Kirusi cha wakati ule ndicho kinachotumiwa hadi leo kama kielelezo katika maabara nyingi duniani. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mtwara anapofungua faili la jenomu ya chikungunya, yaani maandishi yote ya jeni zake, kwenye kompyuta, anatazama damu ya jirani wa babu yake.

Kwani dalili hazitoshi kumwambia daktari?

Hazitoshi, na historia ya pwani yetu ni ushahidi. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika juu ya mlipuko wa mwaka 1870 ambao wenyeji waliuita kidinga pepo, na wazee wakamwambia kwamba ugonjwa huo walishauona mwaka 1823. Jina hilo ndilo linalodhaniwa na wengi kuwa chimbuko la neno dengue, na Tanzania bado tunasema kidingapopo tukimaanisha dengue. Lakini ukisoma maelezo yenyewe, homa ya ghafla na viungo vilivyouma kwa wiki na miezi, unaona chikungunya. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey aliijenga hoja hiyo kwa kina. Yaani inawezekana kabisa kwamba ugonjwa mmoja uliupa mwenzake jina, na dunia nzima ikaendelea nalo.

Hali haijabadilika sana. Malaria, dengue, chikungunya, o'nyong-nyong, Zika na homa ya Bonde la Ufa zote huanza kwa homa, kichwa na mwili kuuma. Mgonjwa akipimwa malaria akakutwa hana, mara nyingi huandikiwa antibayotiki, na habari inaishia hapo.

Kuna vipimo vya haraka vya kingamwili. Kwa nini tuhangaike na jeni?

Vipimo vya kingamwili vina kazi yake, ila vinatazama alama zilizoachwa na mwili wenyewe. Kingamwili za IgM, zile za mwanzo kutengenezwa na mwili, huanza kuonekana kuanzia kama siku ya nne hadi ya saba ya ugonjwa. Kabla ya hapo mgonjwa yuko kitandani, damu yake imejaa virusi, mbu wanamuuma na kusambaza, na kipimo kinasema hana. Kipimo cha jeni kinamkamata katika siku hizo hizo za mwanzo, ambapo mililita moja ya damu inaweza kubeba mamilioni ya nakala za kirusi, hata kufikia bilioni.

Shida ya pili ni undugu. Kingamwili za chikungunya hugongana na za o'nyong-nyong, na katika ukanda wetu virusi hivyo viwili vimeishi pamoja kwa miaka mingi. Matokeo ya kingamwili pekee yanaweza kukuambia "mmoja wa ukoo huu amepita hapa", bila kukuambia ni nani.

Basi kipimo cha jeni kinaona nini hasa?

Kinaona maandishi. Jenomu ya chikungunya ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 11,800, za aina nne: A, C, G na U (kwenye DNA, T hushika nafasi ya U). Nusu ya mwanzo na zaidi kidogo imebeba maagizo ya protini nne za kazi, zinazoitwa nsP1 hadi nsP4, ambazo kirusi huzitumia kujinakili. Sehemu iliyobaki ina maagizo ya protini za umbo: ganda la ndani, na protini za nje kama E1 na E2 ambazo kinazitumia kuingilia seli.

Njia inayotumika zaidi ni PCR, mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, ya kufuatilia papo kwa papo, ile inayoanza kwa kugeuza RNA kuwa DNA. Kimeng'enya kimoja kinafanya ugeuzaji huo kwenye joto la nyuzi 50 hivi. Kisha kimeng'enya kingine, Taq, ambacho asili yake ni bakteria wa chemchemi za maji moto, kinanakili kipande kifupi cha DNA tena na tena. Kila mzunguko wa joto, nyuzi 95 kisha 60, huzidisha nakala mara mbili. Kwa hesabu ya daftarini, nakala moja baada ya mizunguko 40 inazaa zaidi ya trilioni.

Kinachoamua ni kipande kipi kinakiliwe ni vipande viwili vifupi vya DNA tunavyoviita praima, kimoja kila upande. Katikati yao hukaa kipande cha tatu, probu, chenye rangi inayong'aa upande mmoja na kizimisha mwanga upande wa pili. Taq akipita akinakili, anaikatakata probu, rangi inaachana na kizimisha, mwanga unaonekana. Mashine inahesabu mzunguko ambao mwanga huo ulivuka mstari. Namba hiyo ndiyo Ct mnayoiona kwenye karatasi ya majibu.

Kubuni kipimo, kwa maneno mengine, ni kuchagua herufi kama 60 hivi kati ya 11,800 na kuamini kwamba hizo hazitabadilika.

Nataka kubuni. Naanzia wapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vipimo vingi hufia, miezi mingi kabla ya mtu kushika pipeti.

Anza kwa kukusanya mifuatano ya jenomu kutoka hazina za wazi kama GenBank. Usichukue mmoja wa kielelezo ukaridhika. Chukua mingi, kutoka nchi na miaka tofauti, kisha uipange sambamba kwa programu kama MAFFT ili kila safu ya herufi isimame juu ya mwenzake. Utaona maeneo ambayo safu zote zinakubaliana na maeneo ambayo kila mmoja anasema lake. Praima zako zinakwenda kwenye maeneo ya makubaliano. Kwa chikungunya, wabunifu wengi wamechagua nsP1 au nsP4, na wengine E1. Protini za kazi hubadilika polepole kuliko za nje zinazokabiliana na kinga ya mwili, na ndiyo maana mimi huanzia nsP kwanza.

Ni lazima ujue koo za kirusi hiki. Ziko tatu kubwa: ya Afrika Magharibi, ya Asia, na ile ya Afrika Mashariki, Kati na Kusini. Kutoka kwenye huu ukoo wa tatu lilizaliwa tawi la Bahari ya Hindi, na lilianzia kwetu. Mwaka 2004 mlipuko ulitokea Lamu, ambako uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Ukafika Mombasa, mwaka 2005 ukavuka hadi Ngazija katika Komoro, kisha Réunion, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, karibu theluthi ya wakazi wa kisiwa kizima. Kutoka hapo India, na mwaka 2007 Italia. Ule uliofika visiwa vya Karibi mwishoni mwa mwaka 2013 ulikuwa wa ukoo mwingine, wa Asia.

Sasa jiulize: mifuatano mingi iliyomo kwenye hazina imetoka wapi? Baada ya 2005 nchi zenye maabara kubwa zilisoma jenomu kwa mamia, huku milipuko mingi ya Afrika Mashariki ikipita bila jenomu hata moja kusomwa. Ukipanga sambamba kila ulichokipata, kura za Asia, Karibi na Amerika Kusini zinazizidi za kwetu, na praima inayoonekana "inakubaliana kwa asilimia 99" inaweza kuwa inakubaliana na watu wa mbali. Dawa yake ni rahisi: tenga mifuatano ya kwenu kando, iwe kumi au mitatu tu, na usiikubali praima yoyote ambayo haijakaa sawasawa juu ya kila mmoja wao. Nazungumza kwa uchungu kidogo hapa. Kirusi kilichotengwa Newala hakistahili kupimwa kwa vazi lililoshonwa kwa vipimo vya mgeni.

Praima nzuri ina sifa gani?

Urefu wa herufi 18 hadi 25. Herufi za G na C ziwe kati ya asilimia 40 na 60. Praima zote mbili ziachie uzi kwenye joto linalokaribiana, nyuzi 58 hadi 60 kwa kawaida, na probu iwe juu yao kwa nyuzi nane hadi kumi ili iwe imeshakaa kabla Taq hajafika. Probu isianze na G, kwa sababu herufi hiyo ikiwa jirani wa rangi huufifisha mwanga. Kipande chote kinachonakiliwa kiwe kifupi, herufi 70 hadi 150, kwani RNA ya sampuli iliyosafiri barabarani siku mbili huwa imekatikakatika.

Angalia pia praima zisijikunje zenyewe wala zisishikane. Zikishikana, kimeng'enya kitanakili takataka hiyo na kumaliza vitendanishi.

Lakini sifa inayozidi zote ni ncha ya praima ambako kunakili kunaanzia, tunayoiita mwisho wa 3'. Herufi isiyolingana katikati ya praima inaweza kuvumilika. Isiyolingana kwenye ncha hii inaweza kuua kipimo kizima kwa mgonjwa huyo.

Kirusi kikibadilika je?

Kitabadilika. Virusi vya RNA hujinakili kwa makosa mengi. Mfano unaojulikana ni wa Réunion: herufi moja tu kwenye jeni ya E1 iligeuka kutoka C kuwa U, asidi amino ya 226 ikabadilika kutoka alanini kuwa valini, na kirusi kikapata urahisi mkubwa wa kuenezwa na mbu Aedes albopictus. Virusi vya Mandera mwaka 2016 na vya Mombasa mwaka 2017 na 2018 havikuwa na badiliko hilo. Vilibeba mengine, K211E kwenye E1 na V264A kwenye E2 (namba ni nafasi ya asidi amino, herufi ni ya zamani na mpya), yanayohusishwa na urahisi wa kuenezwa na Aedes aegypti, mbu wa mapipa na matairi ya mijini kwetu.

Kwa mbunifu, mafunzo ni mawili. Usiweke praima kwenye eneo ambalo kirusi kina faida ya kulibadilisha. Na kama herufi fulani inayumba, unaweza kuagiza praima mchanganyiko, kwa mfano zenye C kwa nusu na U (yaani T) kwa nusu. Ila ukichanganya nafasi nyingi, kila aina ya praima inakuwa chache mno ndani ya kijitube na uwezo wa kugundua unashuka. Mimi sizidishi nafasi mbili kwa praima moja. Ni afadhali kulenga sehemu mbili tofauti za jenomu, ili moja ikikwama nyingine ipige kelele.

Nitajuaje kwamba sikamati o'nyong-nyong?

O'nyong-nyong ni ndugu wa karibu kabisa wa chikungunya. Mlipuko wake mkubwa ulianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ukaingia Kenya na Tanganyika na kwingineko, na unakadiriwa kuwapata watu milioni mbili. Ajabu yake ni kwamba huenezwa na Anopheles, mbu wale wale wa malaria. Kwa hiyo kuvichanganya virusi hivi viwili si kosa la kitabuni tu: ofisa afya atamwaga maji ya mapipa kumtafuta Aedes wakati adui anauma usiku.

Hatua ya kwanza ni ya kompyuta: pitisha praima na probu kwenye Primer-BLAST, programu ya kutafuta mifuatano inayofanana, dhidi ya o'nyong-nyong, Sindbis, Semliki Forest, ambayo pia ilitengwa Uganda, na dhidi ya jenomu ya binadamu na ya mbu. Hatua ya pili ni ya mezani, na haina mbadala: weka RNA halisi ya ndugu hawa kwenye vijitube, kwa wingi, uone kama kuna mwanga. Ongeza dengue aina zote nne, Zika, homa ya manjano, homa ya Bonde la Ufa, na damu ya mgonjwa wa malaria. Watu wengi wanaruka malaria kwa sababu si kirusi. Lakini hao ndio wagonjwa watakaopimwa kila siku.

Tofauti zinazokupa nafasi ya kuwatenganisha ndugu hawa ziweke kwenye ncha ya 3' ya praima au katikati ya probu. Zikiwa kwingine, Taq atazipita bila kujali.

Lazima niwe na kirusi hai?

Hapana, na kwa sehemu kubwa ya kazi usiwe nacho. Kukuza chikungunya hai kunahitaji maabara ya usalama wa hali ya juu. Kwa kubuni, agiza kipande cha DNA kilichoundwa kiwandani chenye eneo lako tu, kitumie kutengeneza RNA maabara, pima wingi wake, ukijua idadi ya nakala. RNA ya herufi mia mbili haiwezi kumwambukiza mtu. Sampuli halisi za wagonjwa zitahitajika baadaye, zenye kibali cha kamati ya maadili, kwa sababu maji safi yenye RNA hayana tabia za damu.

Nathibitishaje kwamba kinafanya kazi?

Punguza RNA yako mara kumi, mara mia, mara elfu, na kuendelea, kisha chora mstari wa Ct dhidi ya wingi. Kila kupungua mara kumi kunapaswa kuchelewesha Ct kwa mizunguko 3.3 hivi. Ufanisi kati ya asilimia 90 na 110 unakubalika. Ukiona 130, usifurahi: kuna kitu kinazuia kwenye sampuli nzito, au pipeti inakudanganya.

Halafu tafuta kikomo cha chini. Rudia kiwango kile kile mara 20. Kile kidogo kuliko vyote ambacho kinaonekana angalau mara 19 ndicho kikomo chako. Mwenzangu mmoja alikuwa akiripoti kikomo kwa kurudia mara tatu. Tatu kwa tatu inapendeza kwenye bango la mkutano, lakini mgonjwa wa siku ya sita anaishi pale pale kwenye ukingo.

Mwisho linganisha na kipimo kinachoaminika, kwa sampuli zile zile, huku msomaji wa matokeo asijue ipi ni ipi.

Vishimo vyangu vya maji, visivyowekewa sampuli yoyote, vimetoa chanya. Nimekosea wapi?

Karibu kila mtu amepitia. Nakumbuka sahani nzima ya vishimo 96 iking'aa, maji yakiwemo, jioni ya siku ambayo majibu yalikuwa yakisubiriwa. Tulikuwa tumefungua bidhaa ya PCR ya jana kwenye chumba kile kile cha kuchanganyia vitendanishi. Kijitube kimoja kilichomaliza mizunguko kina mabilioni ya nakala, na tone lisiloonekana likirukia kwenye pipeti linatosha. Tulitupa vitendanishi vya wiki nzima, tukafuta meza, tukawaita wagonjwa kutoa damu upya.

Kwa hiyo: chumba cha kuchanganyia vitendanishi, cha kutoa RNA, na cha kunakili viwe mbalimbali, na mtu asirudi nyuma kwa koti lile lile. Vijitube vilivyomaliza visifunguliwe kamwe. Upo pia mchanganyiko wa PCR unaotumia herufi U badala ya T pamoja na kimeng'enya kinachoharibu nakala za zamani kabla ya kuanza. Ni kinga nzuri, ila haiondoi haja ya vyumba.

Katika kila sahani weka maji, weka chanya dhaifu (siyo nzito), weka sampuli hasi iliyopita hatua zote za kutoa RNA, na upime jeni ya binadamu kama RNase P katika kila sampuli ya mgonjwa. Hiyo ya mwisho ikikosekana, jibu si "hasi". Jibu ni "rudia".

Karatasi yangu imeandika Ct 37. Ninao au sina?

Ct kubwa maana yake virusi kidogo. Kwa 37 uko karibu na ukingo: huenda ugonjwa unaisha, huenda sampuli iliharibika, huenda ni mchafuko wa maabara. Maabara makini hurudia, hupima sehemu ya pili ya jenomu, na huuliza homa ilianza lini. Kama ni siku ya saba, Ct 37 ina maana kabisa. Kama ni siku ya pili na una homa ya nyuzi 39, tungetarajia Ct ya chini zaidi, hata chini ya 25, na ningeomba damu nyingine. Usilinganishe Ct ya maabara mbili. Kila mashine na kila kipimo kina mstari wake.

Damu ichukuliwe vipi?

Ndani ya siku tano za mwanzo ikiwezekana, wiki moja kwa upeo. Tumia chupa ya seramu au ya EDTA, ile yenye kifuniko cha zambarau. Epuka ya heparini, yenye kifuniko cha kijani, maana heparini huzuia PCR na utapata hasi ya uongo isiyo na alama. Tenganisha seramu mapema, iweke kwenye baridi, na kama haitapimwa ndani ya siku chache iende friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kugandisha na kuyeyusha mara nyingi kunaiua RNA taratibu. Andika tarehe ya kuanza homa. Bila tarehe hiyo hata kipimo bora kinabaki nusu ya habari.

Tunaweza kupima dengue, Zika na chikungunya kwenye kijitube kimoja?

Ndiyo, kwa kuipa kila probu rangi yake. Wakati wa mlipuko wa Zika mwaka 2016, CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilitoa kipimo cha aina hiyo, Trioplex. Faida ni kubwa, kwani Aedes aegypti hueneza vyote vitatu na mtu anaweza kuwa na viwili kwa wakati mmoja. Tatizo ni ushindani: kirusi chenye wingi hula vitendanishi vyote na kile dhaifu hakionekani. Usithibitishe kwa kila kirusi peke yake tu. Changanya dengue nyingi na chikungunya kidogo, kisha geuza, uone kama kidogo bado kinaonekana.

Dengue yenyewe ina aina nne zinazotofautiana vya kutosha kukulazimisha praima zaidi ya seti moja.

Na kupima mbu wenyewe?

Mbu hupondwa kwa makundi, mara nyingi 25 au 50 wa spishi moja, mahali pamoja na siku moja. Vitu vya kuangalia ni tofauti na vya damu. Rangi ya macho ya mbu huzuia PCR, kwa hiyo jaribu kipimo chako ndani ya mbu waliopondwa. Mbu aliyeshiba damu anaweza kuwa chanya kwa sababu tu amemuuma mgonjwa. Ukitaka kujua kama kirusi kimesambaa mwilini mwake, pima miguu au kichwa kando.

Kuna na mtego mwingine. Baadhi ya Aedes wamebeba ndani ya jenomu zao vipande vya kale vinavyofanana na virusi vya mbu kama Kamiti River, kilichogunduliwa Kenya. Praima pana za kundi la flavivirusi, lenye dengue na Zika, zinaweza kuvinasa vipande hivyo na kukupa chanya pasipo kirusi chochote. Kwa chikungunya hatari hii ni ndogo, lakini ukipima dengue au Zika kwenye mbu, weka kidhibiti kisicho na hatua ya kugeuza RNA. Kikitoa mwanga, unatazama DNA ya mbu.

Zahanati yetu haina mashine ya PCR.

Kuna LAMP, mbinu iliyochapishwa na Wajapani mwaka 2000. Inatumia joto moja, nyuzi 60 hadi 65, kwa nusu saa hadi saa moja, na praima nne hadi sita zinazotambua sehemu sita au nane. Joto moja maana yake kijisanduku cha betri kinatosha, na matokeo yanaweza kusomwa kwa kubadilika rangi. Lakini praima sita zinahitaji eneo refu zaidi lisilobadilika, jambo gumu kwa kirusi chenye koo tatu, na praima nyingi zina nafasi nyingi za kushikana. LAMP iliyobuniwa haraka hutoa chanya za uongo baada ya dakika 40. Weka kikomo cha muda na ukiheshimu.

Mtu aliyechanjwa atatoa chanya?

Inategemea chanjo. Ixchiq, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2023 na leseni yake kusimamishwa huko Agosti 2025, ni kirusi hai kilichodhoofishwa kwa kuondolewa kipande ndani ya nsP3. Katika siku chache za mwanzo RNA yake inaweza kuwa kwenye damu, na kipimo cha nsP1 hakitaitofautisha na kirusi cha mtaani. Praima iliyowekwa ndani ya kile kipande kilichoondolewa ingeweza. Kwa sasa muulize mgonjwa kama amechanjwa, hasa akiwa msafiri kutoka Ulaya.

Nina praima kutoka makala ya zamani. Nizitumie?

Zitumie baada ya kuzikagua upya. Pakua jenomu zote za miaka ya karibuni, weka praima juu yake, hesabu zisizolingana, na utazame ncha za 3' kwa jicho kali. Ni kazi ya alasiri moja na kompyuta ya kawaida. Irudie kila mwaka, na kila mlipuko unapotangazwa jirani.

Halafu, wagonjwa wako wenye Ct chini ya 30 wana RNA ya kutosha kusomwa jenomu nzima. Omba kibali, zipeleke kwenye maabara yenye mashine ya kusoma, na mifuatano iwekwe kwenye hazina ya wazi ikiwa na mwaka na mkoa. Jenomu tatu kutoka Tanga au Kilifi zitamfaa mbunifu wa kesho kuliko mia nyingine kutoka mahali palipokwisha kusomwa.